Vita vya Koridoni na Kigari Kilichotanguliza Makalio

Sogeeni, mliokaa na mliosimama! Aliye jikoni na apunguze moto, mwenye kikohozi na akohoe kabisa, kwani habari hii haisimuliwi mara mbili. Ni habari ya Mama Cherehani, Simba-jike wa Sindano, Mkata Uzi kwa Meno, aliyeshindwa mara tatu mfululizo mbio za vigari vya rimoti na shemeji yake Kinyozi, Mfalme wa Ndevu za Wenzake. Akishindwa ya nne, kigari chake chekundu kitatundikwa juu ya kioo cha kinyozi, kila mteja akione. Aibu iliyoje!

Basi shujaa akakipasua kigari tumbo, akang'oa mota yake goigoi, akasimika nyingine yenye ghadhabu. Chuma cha kulehemu kikafuka moshi, risasi ikayeyuka, waya zikashika. Hazijapoa, Kinyozi huyo mlangoni.

"Shemeji! Msumari wa kukitundikia nimeshaupigilia!"

"Tundika ulimi wako kwanza, shemeji yangu. Leo unakuponza."

Mwishoni mwa korido, penye viatu, aliketi mama mkwe wa huyu na mama mzazi wa yule, Hakimu Asiye na Rufaa, kijiko mkononi.

"Mkishafika mstarini, hakuna kugusa waya! Jaribuni."

Mama Cherehani akabonyeza mbele. Lahaula! Kigari kikachomoka nyuma, kikaugonga mlango wa jikoni pu! Kwa haraka zake alikuwa amezipishanisha waya mbili za mota. Kinyozi akacheka hadi akashika ukuta, na shujaa akatamani kulia.

Kisha akakumbuka kazi yake.

"Miaka ishirini nafunga mishono kwa kurudi nyuma, korido ndiyo initishe?" Akakigeuza kigari, makalio mbele. "Mama, sheria inasema gari livuke, au livuke kwa pua?"

"Livuke tu."

"Mama!" Kinyozi akalia.

"Mama yako yuko kazini."

Kijiko kikashuka. Loo, kile kishindo! Kulia kukawa kushoto, kushoto kulia, lakini mikono ya mshonaji haikubabaika: kikaipita ndoo, kikaukwepa ufagio, kikavuka mstari mbele ya kile cha Kinyozi kwa upana wa kiganja, kikatumbukia kiatuni mwa Hakimu.

Kinyozi akainama, akakitoa, akakipangusa vumbi kwa heshima.

"Shemeji, nakuvulia kofia. Mota hii umeitoa wapi?"

"Kwenye ile mashine yako ya kunyolea uliyoitupa."

Na iandikwe, vizazi visome: siku hiyo, kwenye ule msumari ilitundikwa kofia ya Kinyozi.