Daktari wa Piano ya Mzee Bati

Fasaha alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, shavu moja limenyolewa na la pili limejaa povu, aliposikia kitu kilichomfanya atege masikio.

"Ni kubwa kama kabati la nguo," mzee mmoja mnene alikuwa akiwatambia wenzake kwenye benchi. "Nimeinunua mnadani. Nyumbani kwangu hakuna anayejua kuipiga, lakini mgeni akiingia tu na kuiona, anavua viatu bila kuambiwa."

Huyu alikuwa Mzee Bati, muuza mabati mkubwa mjini, mtu aliyejulikana kwa vitu viwili: mali na ugumu wa mkono. Na kitu alichokuwa akikisifia kilikuwa piano.

"Na matunzo yake je?" kinyozi akauliza.

"Hapo ndipo penye shida, ndugu yangu. Siku hizi ukiibonyeza inakohoa."

Hapa msimulizi anaomba kusimama kidogo amtambulishe shujaa wake, ingawa neno shujaa linampwaya. Fasaha alikuwa tapeli. Tena si tapeli wa kutisha, ni tapeli wa kuchekesha, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kujicheka. Aliwahi kuuza dawa ya kuotesha nywele mpaka upepo ukampeperusha kofia mbele ya wateja, upara ukang'aa hadharani. Kuhusu piano, elimu yake yote aliipata siku moja alipobeba mizigo: yeye na wenzake waliishusha piano ya bibi mmoja ngazi kwa ngazi, na bibi yule akawakaripia kuanzia juu mpaka chini. Msiiweke juani! Msiiweke penye unyevunyevu! Msiitikise! Msiiwekee vyombo juu! Mgongo ulimuuma wiki nzima, lakini maneno yalibaki kichwani.

Alisimama na povu lake shavuni.

"Samahani, mzee wangu. Hicho kikohozi ni kikavu au kina kohozi?"

Wembe wa kinyozi ulibaki hewani. Mzee Bati alifikiri kwa makini sana.

"Mchana ni kikavu. Lakini asubuhi, sasa ulivyouliza... nadhani kina kohozi."

"Nilijua," Fasaha alisema kwa huzuni, akatikisa kichwa kama mtu aliyefiwa. "Mshukuru Mungu tumekutana."

Kesho yake alikuwa sebuleni kwa Mzee Bati, kavaa koti jeupe aliloazima kwa muuza nyama na kulifua mara mbili. Piano ilikuwa chini ya dirisha, jua linaipiga usoni, na juu yake kulikuwa na televisheni, chombo cha maua kilichojaa maji, na picha ya Mzee Bati akiwa amesimama kando ya rundo la mabati.

Fasaha aliweka sikio kwenye mbao. Akagonga hapa, akagonga pale. Akabonyeza kibonyezo kimoja na kufumba macho mpaka sauti ikaisha. Ukweli ni kwamba hakusikia chochote cha maana. Masikio yake hayakuweza kutofautisha wimbo wa taifa na king'ora.

"Nani aliiweka juani?" aliuliza kwa upole wa kutisha.

"Mimi," Mzee Bati alinong'ona.

"Na hayo maua? Maji yakimwagika humo ndani, nyuzi zinashika kutu, mbao zinavimba. Na hiyo televisheni! Mzee, wewe ungelala na mtu amekukalia kifuani?"

Vitu vyote vilishushwa haraka. Piano ikasukumwa mpaka ukuta wa ndani, mbali na jua. Fasaha akaagiza ifutwe kwa kitambaa laini kikavu, kifuniko kifungwe kila jioni vumbi lisiingie, na mtu asiiguse kabla ya kunawa mikono. Alikuwa akijishangaa jinsi maneno ya yule bibi yalivyomtoka kama maji ya bomba.

Mke wa Mzee Bati alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo, mikono kiunoni. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye macho ya mtu anayehesabu nyuzi za kitambaa. Alimtazama Fasaha usoni, akashuka kwenye koti lenye doa la zamani mfukoni, akashuka mpaka kwenye viatu, akapanda tena taratibu.

Fasaha alilifunika doa kwa kiganja. Kwishney, akajisemea, huyu kanijua.

"Fundi," mama akasema kwa sauti tamu, "na moshi wa sigara je? Hauidhuru?"

Mzee Bati alikuwa na sigara mdomoni, kama alivyokuwa nayo kila siku, na mapazia yote ya sebule yalikuwa yamegeuka rangi ya chai.

Fasaha alimtazama mama. Mama alimtazama Fasaha. Hakuna aliyepepesa.

"Moshi?" Fasaha akasema. "Mama, moshi ndio unaoiua!"

Mzee Bati aliizima sigara kwenye kisahani na tangu siku ile hakuvuta tena ndani ya nyumba.

Hivyo ndivyo ushirika wao ulivyoanza, bila mkataba na bila neno. Fasaha alipokuja tena, mama alimkaribisha chai, akainama kumimina, akasema polepole kana kwamba anaongea na birika:

"Paa linavuja hapo kona. Nimemwambia mume wangu mpaka nimechoka. Muuza mabati, nyumba yake inavuja! Anasema mabati ni ya wateja."

Mzee Bati alipoingia alimkuta daktari ameinua kiganja hewani kama anayepima upepo.

"Kuna unyevunyevu humu," Fasaha akasema. "Unatoka juu. Piano ikiendelea kuvuta hewa hii, mzee, mimi sitabeba lawama."

Paa likaezekwa upya wiki ileile, kwa mabati bora kuliko yote dukani.

Baadaye ikaja zamu ya shemeji. Mdogo wake Mzee Bati alikuja kutembea, akalala kwenye kochi la sebuleni, na hakuondoka tena. Alikula, alikoroma, na alitaka chai kabla ya kuamka. Fasaha alikaa karibu na lile kochi, akaisikiliza ile ngurumo, akaweka kiganja kwenye ubavu wa piano.

"Unasikia inavyotetemeka? Mtetemo huu unalegeza nyuzi."

"Yaani ndugu yangu wa damu..." Mzee Bati alianza.

"Siwezi kukuchagulia, mzee. Ndugu ni ndugu, na piano ni piano."

Shemeji alipakiwa na begi lake asubuhi. Mama aliimba siku nzima jikoni.

Sasa utadhani Fasaha alikuwa akitajirika. Kumbe hakupata hata nauli. Kila alipogusia malipo, Mzee Bati alimkumbatia mabega na kusema, "Daktari, mimi na wewe si watu wa kupeana vijisenti vya leo na kesho. Mgonjwa apone kwanza." Akawa analipwa chai. Kila akitoka pale, tumbo lilicheza kama ndoo ya maji, na alijicheka njia nzima.

"Mjinga ni mimi," alijiambia. "Nimeenda kumla mtu, nimeishia kumtengenezea nyumba mkewe. Bado kunifunga kanga na kunipa ufagio."

Ndipo alipoamua kumaliza mchezo. Kulikuwa na mwenye ukumbi wa harusi upande wa pili wa mji aliyekuwa akitafuta piano ya kutia ukumbi wake heshima. Walielewana kwa simu. Kilichobaki ni kuitoa piano mlangoni mchana kweupe huku mwenyewe akishukuru.

"Mzee," Fasaha alisema, uso umemshuka, "nimejitahidi. Lakini hali yake inahitaji kulazwa. Niipeleke karakanani kwangu, niikague usiku na mchana."

Mzee Bati alishika kifua. "Kulazwa? Itoke humu ndani? Hapana, daktari. Mtibu mgonjwa hapahapa."

Fasaha aliona mpango unayeyuka. Lakini kabla hajafungua kinywa, mama alitokea jikoni, akakaa chini kando ya piano na kuanza kulia. Alilia kwa ustadi, pua na macho.

"Baba, utaiua! Utaiua kwa kuing'ang'ania! Siku ikinyamaza kabisa, wageni watasema nini? Watasema Mzee Bati ameshindwa kutunza hata piano moja!"

Hilo la wageni lilimwingia. Akakubali.

Pikapu ilifika na wabebaji wanne. Mama alileta blanketi la kuifunika, na zuri kweli, jipya. Alisimamia kila ngazi. "Taratibu, jamani, msiibamize!" Ilipokuwa tayari juu ya gari, alitoa simu yake.

"Fundi, panda hapo ukae nayo. Shika hapo. Tabasamu. Baba atafarijika akiitazama." Akapiga picha ya Fasaha amekumbatia piano, na ya pili ambamo namba za gari zilionekana vizuri sana. Mzee Bati akapunga mkono mpaka pikapu ikakata kona.

Fasaha alipiga makofi. Alicheka mpaka dereva akamuuliza kama ni mzima. Moyoni alimhurumia yule mama kidogo: mwanamke hodari vile, akapigwa vile, tena na machozi yake mwenyewe.

Mwenye ukumbi aliwasubiri nje pamoja na mpiga piano wa kanisani, kijana wa watu mwenye miwani. Mpiga piano alibonyeza kidogo, akakunja uso. Akapiga magoti, akafungua ule ubao wa chini ulio juu ya pedeli za kukanyagia, ubao ambao daktari wa piano, katika utabibu wake wote, hakuwahi kujua kwamba unafunguka.

Unga wa mbao ulimwagika kama mchele kwenye gunia lililotoboka. Nyuma ya unga wakafuata mchwa, wanene, wamekasirika kuamshwa.

"Hii haina ndani," mpiga piano akasema, akijikung'uta. "Zimebaki nyuzi, chuma na rangi."

Mwenye ukumbi alirudi ndani na kufunga mlango bila kuaga. Wabebaji waliishusha piano barabarani na kukaa juu ya ukingo, wakimtazama Fasaha kwa macho ya watu wanaongoja kulipwa. Alienda pembeni akapiga simu.

"Mama! Mama, piano imeliwa yote na mchwa!"

"Najua, fundi," mama alijibu. Nyuma yake ilisikika ngurumo ya cherehani, siyo moja. "Nilianza kuona unga chini yake nilipokuwa nafagia. Ni kabla hujaja."

Fasaha aliziba sikio la pili asikie vizuri.

"Mbona hukumwambia mzee?"

"Nimwambie anunue nyingine? Kubwa zaidi? Fundi, kile ndicho chumba chenye mwanga kuliko vyote humu ndani. Nina cherehani tatu zilizokuwa zinaozea stoo, mafundi wawili nimeshawaita, na wateja wa sare za shule wananisubiri. Nimemwambia baba kwamba daktari amesema chumba kisikae tupu, hewa itaharibika. Amenisaidia kuzibeba yeye mwenyewe."

"Basi... basi nairudisha."

"Uirudishe?" Sauti ilikuwa tamu kama siku ile ya kwanza. "Ilitoka hapa inakohoa tu, na picha ninayo. Ikirudi imeliwa, baba atauliza imeliwa wapi. Na ukiitupa, atauliza iko wapi. Unamjua baba na mali yake. Mkuu wa polisi ni mteja wake wa mabati. Ila usiogope, mimi nitakusemea vizuri. Mchana mwema, daktari. Nina vifungo hapa vya kushona."

Simu ikakatwa. Fasaha alisimama kando ya barabara, na kwanza alitukana, halafu akakaa kwenye ukingo karibu na wabebaji, halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi. Wabebaji wakasogea mbali kidogo. Alikuwa amekutana na bingwa, akamdhania ni mwanafunzi wake. Akamtolea nje piano iliyooza bila kutoza hata nauli, tena kwa tabasamu la picha. Akawavulia wabebaji saa yake ya mkononi, waupeleke mzigo wao chumbani kwake.

Chumba chake cha kupanga kilikuwa kimoja, na piano iliingia baada ya kitanda kutolewa. Mama mwenye nyumba, aliyemwona akianika godoro juani, akinyunyiza mafuta ya taa kwenye miguu ya kabati la ajabu, na kulifuta kwa kitambaa laini, aliuliza kama ameokoka, maana usafi ule ulikuwa mpya kwake. Fasaha alilala sakafuni, kichwa kimeelekea pedeli. Mchwa wachache waliosalia walitafuna taratibu, kwa utulivu wa watu walio kwao.

Alikuwa bado hajafumbua macho sawasawa simu ilipolia. Ilikuwa namba ya Mzee Bati.

"Daktari! Sijapata usingizi. Niambie ukweli, usinifiche. Imeamkaje?"

Fasaha aliitazama piano. Akanyoosha mkono kutoka sakafuni na kubonyeza kibonyezo kimoja. Kilizama, na hakikurudi.

"Imeamka salama, mzee," akasema. "Inakusalimia."