Kuning'inizwa Hewani na Mama Mkwe

Sufiani Mdoe,
Fundi Cherehani,
Kilole, Korogwe.

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Raha Mbili Matembezi,
Handeni.

Ndugu Mkurugenzi, ambaye pia ni Shemeji Sadala,

YAH: OMBI LA KUREJESHEWA HESHIMA BAINA YANGU NA MAMA MKWE, ILIYOPOTEA NIKIWA KATIKA HUDUMA YAKO

Assalamu alaykum. Kichwa cha habari hapo juu chahusika, na kichwa changu mwenyewe chahusika pia, kwa kuwa tangu siku ile bado kinazunguka.

Naandika kwa heshima zote. Ningetaka kusema bila heshima ningekupigia simu.

Kwanza nieleze tulikotoka, ili hata karani wako, kama siku moja utakuwa na karani, aelewe. Mke wangu Maryamu, ambaye ni dada yako mdogo, aliondoka hapa Kilole mara tu baada ya Idi akarudi kwenu Handeni. Nilituma wazee wakanisemee. Wakalishwa wali, wakarudi wameshiba na jibu hawana. Ndipo ukanipigia simu ukasema, "Shemeji, mambo ya kutuma wazee yamepitwa na wakati. Watu siku hizi wanapatanishwa na mandhari." Ukanieleza mpango wako: asubuhi bustani ya wanyama, mchana gari la waya, lile linaloning'inia kupanda mlimani. Maryamu atacheka kwa wanyama, ataogopa kwenye waya, atanishika mkono, na jioni atarudi kwake. Nilikubali. Mtu aliyepika mwenyewe tangu Idi hupokea ushauri wa yeyote.

Sasa malalamiko.

1. Kuhusu njia. Mimi nakaa Kilole. Gari lako la waya liko milimani upande wa Lutindi, yaani kwetu. Bustani ya wanyama iko Handeni, yaani kwenu. Mwenye akili angesema Sufiani asubiri Korogwe, apitiwe. Wewe ulitaka nifike Handeni asubuhi na mapema "ili tuanze kama familia." Nikapanda basi hadi Handeni, kisha ukanirudisha kwenye Noah nikapita mbele ya kibanda changu mwenyewe, wateja wakaniona nimebanwa kiti cha nyuma na fulana ya njano iliyoandikwa RAHA MBILI kifuani. Mpaka leo wananisalimia kwa jina hilo.

2. Kuhusu abiria ambaye hakutangazwa. Uliniambia tutakuwa watatu: wewe, mimi na Maryamu. Nilipofungua mlango wa Noah nilimkuta mama yenu mzazi, Bi Chausiku, ametulia kiti cha mbele, naye kavaa fulana ya njano juu ya gauni. Shemeji, umezaliwa Handeni, huhitaji kufundishwa mkwe ni nani. Tangu nimwoe Maryamu sijawahi kutia tonge mdomoni mbele ya mama yako. Nikimwona sokoni nahama upande wa barabara. Shikamoo yangu naitoa nikitazama kandambili zangu, na marahaba yake anaitoa kanga ikiwa imemfika puani. Tumeishi hivyo kwa amani kamili. Mimi na mama yako hatukuwa na tatizo lolote, kwa sababu hatukuwa na mazungumzo yoyote.

3. Kuhusu wanyama. Bango la bustani limeahidi chui, mamba na nyani. Chui hakuwepo. Mlinzi, Bwana Habakuki, alitueleza kwa masikitiko kwamba amekwenda kutibiwa.

"Amekwenda na nani?" Maryamu akauliza.

"Na daktari."

"Na huyo daktari yu mzima?"

Habakuki akatuhamishia kwa mamba. Mamba tulimtazama mpaka miguu ikauma. Hakutikisa hata kope. Habakuki akasema mamba huyu hana papara. Hata hivyo nakiri kwamba Maryamu alianza kutabasamu, nami nikaanza kuwa na imani na kampuni yako.

Kisha ukatupeleka kwa nyani. Shemeji, ni mpangaji gani wa matembezi anampeleka mkulima wa mahindi wa Handeni kutazama nyani? Mama yako alisimama mbele ya wavu, kanga ikamteleza puani, akapaza sauti ambayo sijawahi kuisikia katika ndoa yangu yote: "Huyu namjua!"

Akamwonyesha kidole dume mmoja mwenye sikio lililokatika. "Ndiye aliyemaliza mahindi yangu ya bondeni."

Habakuki akamwambia kwa upole kwamba nyani wa bustani wametoka mbali.

"Hata bondeni kwangu ni mbali," mama akajibu.

Kwa bahati mbaya ulikuwa ndio wakati wa kulisha. Habakuki akamkabidhi yule dume ndizi mbivu, nzuri kuliko ninazonunua mimi sokoni. Mama yako akashika kiuno. "Shambani tunamfukuza kwa mawe, hapa tunakata tiketi tuje kumwamkia!" Akainama akaokota jiwe.

Mkurugenzi, wakati huo ulikuwa wapi? Ulikuwa unapiga picha na kinyonga. Ikabidi nimzuie mimi, na kumzuia mkwe bila kumgusa wala kumtazama ni kazi isiyo na fundi. Nilisimama baina ya mama yako na nyani, nimetanua mikono, macho nimeyafumba kwa adabu. Jiwe likanipata begani. Nyani akamaliza ndizi yake. Maryamu alicheka hadi akakaa chini, nami nikajipa moyo kwamba bega limefanya kazi iliyowashinda wazee.

4. Kuhusu waya wenyewe. Hapa ndipo lilipo shina la barua hii, naomba uisome ukiwa umekaa.

Tulivikuta vigari vidogo mfano wa makabati ya vyombo. Kila kimoja kinachukua watu wawili, wanatazamana, magoti yanagusana. Kwenye ratiba uliandika: "Mume na mke gari moja. Suluhu itafanyika angani." Lakini dada mwendesha waya, Janeth, mwenye filimbi shingoni, hakuwa na ratiba yako. Yeye alipanga watu kwa uzito. Akamtazama mama yako, ambaye Mungu amemjalia mwili. Akanitazama mimi, ambaye ndani ya fulana yako nilionekana kama nguo iliyoanikwa. Akasema, "Mama na huyu baba mwembamba, ingieni, mizani ikae sawa."

Nikamwambia, "Dada, huyu ni mkwe wangu."

"Hongera," akasema, akafunga mlango.

Wewe na Maryamu mkapanda la nyuma yetu. Niliwaona mkitupungia mikono.

Nikageuza uso nikatazama nje. Hapo nikagundua jambo ambalo kampuni yako ilipaswa kulitangaza mapema, kwamba chini hakuna kitu. Miti ya mlimani ilikuwa midogo kama mchicha. Ikawa nikitazama nje natapika, nikitazama ndani namkosea adabu mzazi wa mke wangu. Nikafumba macho nikasoma kila dua ninayoijua, na zilipoisha nikasoma ile ya kabla ya kula.

Kisha gari likasimama. Upepo ukawa unalitikisa taratibu, kama mtu anayebembeleza mtoto wa jirani.

"Baba," mama yako akasema, "limefika au limekwama?"

"Limekwama, mama," nikajibu, macho bado nimefumba.

"Basi fumbua macho. Siwezi kufa na mtu aliyelala."

Nikafumbua. Shemeji, kwa mara ya kwanza nilimwona mama yako usoni. Ana mwanya kama wa Maryamu. Miaka yote hii hakuna aliyeniambia. Jasho lilikuwa linamchuruzika mashavuni, na gari lilipoyumba akaukamata mkono wangu kuanzia vidole hadi kiwiko, wala hakuuachia. Mimi nililia. Naliandika hili kwa sababu yeye ameshaitangazia Kilole nzima.

Ndipo akaniuliza, "Niambie ukweli, maana hapa hakuna pa kukimbilia. Ulimfanya nini mwanangu?"

Chini, mtu anaweza kupindapinda maneno. Kule juu ulimi wenyewe unaogopa kuteleza. Nikasema, "Mama, ulitutumia kisamvu. Nikala, nikasema mbele ya Maryamu kwamba hiki ndicho kisamvu, na ninachopikiwa kila siku ni majani yaliyopigwa na mvua."

Akauliza, "Hilo tu?"

"Hilo tu."

"Hukumpiga?"

"Sijawahi."

"Huna mwanamke mwingine?"

"Mama, wewe si unaniona nilivyo?"

Akanitazama, fulana ya njano, machozi na makamasi. Akaanza kucheka. Alicheka hadi gari likayumba upya, na mimi nikalia upya. "Mwanangu hana subira na chungu," akasema akijifuta macho. "Tangu msichana, kisamvu hakijaiva yeye ameshaepua. Nami nilikuwa nacheka tu, sikumfunza." Kisha akaukaza mkono wangu akasema neno ambalo sikulitegemea: "Nilidhani unatudharau. Kila ukiniona unahama barabara."

Miaka yote nilidhani namheshimu.

Filimbi ikalia, gari likaondoka. Tulipofika juu mama aliteremka bado amening'ang'ania, akawasubiri ninyi mteremke, akamwambia Maryamu mbele ya watu wote, "Huyu hana kosa. Kosa langu. Twende Kilole nikufundishe kisamvu."

Maryamu akavimba. Akanigeukia mimi. "Kisamvu kilinikera siku moja," akasema. "Siku zote hizo nyingine nilikuwa nakungoja uje mwenyewe. Unanitumia wazee, mimi nina mashtaka?"

"Nilikuwa namwogopa mama," nikasema.

"Na sasa humwogopi?" akauliza mama yako.

Maryamu akatutazama, akaona jinsi mama alivyonikamata kama kuku wa kupelekwa sokoni, akashindwa kujizuia. Akacheka, akalia, akanishika mkono ule mwingine. Hivyo ndivyo nilivyoteremka mlimani, kwa barabara, kwa sababu nilikataa katakata kurudi kwa waya.

5. Kuhusu hasara niliyopata. Utasema, "Shemeji, mke si amerudi?" Amerudi. Lakini mimi niliagiza mke, nimeletewa mke pamoja na mama yake. Bi Chausiku yuko hapa Kilole tangu siku ile. Kila jioni sauti inatoka jikoni, "Sufiani, njoo uonje!" Nami naonja, mbele yake, kwa mkono wangu mwenyewe, kama mtu asiye na kwao. Mchana anakaa kibandani kwangu juu ya kigoda akiangalia mishono. Juzi mteja alikuja kuchukua suruali, mama akaigeuza ndani nje, akasema, "Hii fumua." Nikafumua. Watu wanakuja na nguo ambazo hazijachanika, ili mradi tu wasikie nilivyolia angani. Yeye anawasimulia, na kwenye kulia ananiigiza.

6. Kuhusu madhara kwa jamii. Jambo hili limeanza kuenea. Jirani yangu Bonaventura, mtu mzima, mlinzi mstaafu wa shamba la mkonge, amekuja kunilaumu kwamba mkwe wake amesikia habari zetu naye anataka kupandishwa waya ili "wafahamiane." Bonaventura na mkwe wake wamefanikiwa kutofahamiana kwa muda mrefu sana. Wakwe wakianza kujuana nani atahama barabara? Desturi nzima itabaki kwa nani? Leo Kilole, kesho Korogwe yote, keshokutwa utasikia baba wakwe nao wanadai bembea.

Kwa hiyo naomba kampuni yako itekeleze yafuatayo bila kuchelewa:

(a) Mama mkwe arejeshwe katika hali niliyomkuta nayo: kanga puani, macho chini, bila kicheko.

(b) Kila gari la waya liwekwe pazia katikati. Kushona nitashona mimi.

(c) Dada Janeth aelimishwe kwamba mkwe si uzito.

(d) Kama hayo yatashindikana, mlima upunguzwe hadi kimo ambacho mtu akianguka anajikung'uta na kuendelea na safari.

(e) Jumapili hii uje na Noah ileile umchukue mama yako. Usipokuja, nitalifikisha suala hili kwa wazee, na safari hii nitawaambia wasile kwanza.

Natumaini utalipokea hili kama Mkurugenzi na usilichukulie kama shemeji, maana kama shemeji najua utacheka. Wasalimie wote hapo nyumbani, na watoto uwape salamu za shangazi yao. Msalimie na Habakuki, umwambie tunamwombea chui apone. Maryamu anakusalimu, mikono yake ina unga ndiyo maana hakuandika.

Wako katika malalamiko,

Sufiani Mdoe

N.B. Kabla ya kufunga bahasha nimemsomea mama barua hii, kwa kuwa miwani yake haimsaidii jioni. Amesema namba tano haina makali, niiongeze, lakini karatasi imekwisha. Jumapili usije. Tumealikwa harusi Mombo, na mimi na yeye tumeshashona sare ya kitambaa kimoja, Maryamu amekataa akasema inatisha macho. Jumapili inayofuata nayo usije. Siku yoyote utakayopata nafasi, mletee godoro lake la kwenu. Hili la kwangu linamuumiza mgongo, hasemi, ila asubuhi namwona anavyoinuka.