Maneno Sitini na Moja kwa Wakunga Wastaafu

Jumatatu, 3 Machi

Nimedhalilishwa. Tena sebuleni kwa mama mkwe, nikiwa nimebeba biskuti kwa mkono wangu mwenyewe.

Kisa ni hiki. Chama chake cha wakunga wastaafu kilikuwa na ukurasa kwenye ule mtandao mkubwa. Wiki jana wenye mtandao wakaufunga, eti picha ya kufundishia kunyonyesha haina adabu. Wanawake waliozalisha nusu ya mji, leo wafundishwe adabu! Sasa wanahamia kwenye mtandao usio na tajiri mmoja. Kila kikundi kina seva yake, na watu wa seva hii wanaongea na wa seva ile bila kumpigia mtu magoti. Fundi saa wa mtaa wa pili ndiye anayewafungia mitambo. Haya, afunge.

Lakini maneno ya kwenye skrini? Neno "seva" limewatisha wazee, wanataka jepesi. Mimi nachapa kadi za harusi mwaka wa kumi na tisa huu. Nani mwingine ayachague? Fundi saa akakohoa, akasema seva tuiite nyumba, basi: kila chama na nyumba yake, na majirani wanasalimiana. Nyumba! Hata konokono ana nyumba. Mimi nikatoa "mastakimu", yaani makazi, ila kwa lugha ya heshima. Mama mkwe akasema kesho tupige kura, akaivuta sahani ya biskuti upande wake.

Jumanne, 4 Machi

Ushindi! Karatasi za kura nilijitolea kuchapa mimi, bure, kwa moyo mweupe. "Mastakimu" kwa herufi nene za dhahabu, kubwa kama kidole gumba. "Nyumba" kwa kijivu, chini kabisa, saizi ninayotumia kwa anwani ya kiwanda. Wapiga kura thelathini na wanane, wengi wao miwani wameacha nyumbani. Thelathini na watano wakatia alama kwenye neno pekee waliloliona.

Fundi saa akatoa kile kioo chake cha jichoni, akaikagua karatasi, kisha akanitazama mimi. Mtu mwenye kijicho hakosi cha kutazama.

Jumatano, 5 Machi

Kamusi imekamilika. Maneno sitini na moja, yote yameshaingia kwenye skrini. Kuandika ni "kutamka rasmi". Kumzuia mtu ni "kumhasimu". Fundi saa alitaka pale pa watu wanaoomba kuunganishwa nawe paandikwe "Wanaobisha hodi". Nilicheka mpaka nikashika mashine. Nimeweka "Iltimasi". Neno lenye kilemba.

Jioni nikamwandikisha mama mkwe mwenyewe. Kwa usalama wake nikamfungia mlango: asiyekubaliwa naye hawezi kumwandikia. Hakunisifu. Alichotaka ni kimoja tu, kumpata Bi Kofia. Huyo ni mkunga mwenzake wa miaka thelathini, aliitwa hivyo kwa sababu kofia ya kazi hakuivua hata kwenye basi. Mke wangu alipozaliwa, mikono iliyompokea ni ya Bi Kofia. Sasa anaishi mbali, Ijumaa anapasuliwa uvimbe, na namba yake mpya ya simu ilikuwa kwenye ukurasa uliofungwa. Yeye yuko kwenye seva ya chama cha binti yake, cha walimu. Mama anataka waongee kabla ya kisu. Nikamwambia atulie, Bi Kofia atamwona na kumtafuta mwenyewe, mastakimu zote zinaonana.

Alhamisi, 6 Machi

Mama mkwe kapiga simu asubuhi. Kwenye simu yake, karibu na neno Iltimasi, kuna namba nyekundu. Jana ilikuwa moja, leo ni sita. Ndiyo nini?

Hapa niseme ukweli, maana shajara ni yangu. Nilikuwa nimesahau Iltimasi ni nini. Maneno sitini na moja si mchezo! Kamusi nimeiacha kiwandani, na fundi saa nilimsikia nyuma ya simu, alikuwa pale kwa mama anarekebisha saa ya ukutani. Nimwombe dakika nikaangalie? Nichekwe? Nikamjibu kwa sauti ya kitaalamu kwamba hiyo ni daraja ya ukomavu wake mtandaoni. Aiache ipande, asiiguse.

Akafurahi. Halafu akauliza mbona Bi Kofia yuko kimya. Nikasema labda ana shughuli.

Ijumaa, 7 Machi

Namba imefika kumi na saba. Wenzake wana mbili, tatu. Wivu mtupu huko chamani.

Lakini mama mkwe hana raha. Mke wangu anasema hajala tangu jana. Anasema Bi Kofia amemtupa, miaka thelathini ameitia kapuni, anaingia kupasuliwa bila hata salamu. Nimeudhika sana na huyo Bi Kofia. Mtu umewekewa mtandao wenye maneno ya heshima namna hii, unashindwa kuutumia! Nikamwambia mke wangu wagonjwa wengine wana majivuno. Akaenda kulala kwa mama yake.

Jumamosi, 8 Machi

Siku mbaya. Fundi saa alirudi kuitundika ile saa, akaiona simu ya mama mezani, namba nyekundu ishirini na mbili. Akauliza mbona hawafungulii hawa watu. Watu gani? Akabonyeza.

Maombi ishirini na mawili yakamwagika. Wakunga wa kila mahali, wameomba kuunganishwa tangu Jumatano. Wa kwanza kabisa, Bi Kofia. Mara ya pili, Bi Kofia. Mara sita Bi Kofia, kila ombi na kaujumbe kake. La mwisho la jana asubuhi: "Naingia saa tatu. Kama nimekuudhi, tutagombana nikitoka."

Nilikuwepo, nimekuja na biskuti. Nilianza kueleza asili ya neno Iltimasi. Mama hakupaza sauti. Alishika simu kwa mikono miwili, akasema, "Alikuwa mlangoni kwangu siku zote hizi, mkwe wangu. Nami nimekaa ndani namlaumu."

Fundi saa alimsaidia kujibu. Tukangoja. Saa saba na robo likaja jibu: ametoka salama, tumbo lina nyuzi kumi na nne, na yuko tayari kugombana. Mama alilia. Mimi pia macho yaliniwasha, ila naandika hapa kwamba ni vumbi la ile saa.

Baadaye chama kikakaa bila kuniita. Wamefuta maneno yangu sitini na moja. Yote! Seva ni nyumba, na Iltimasi ni Wanaobisha hodi. Hakuna hata aliyeniuliza kuhusu mwandiko.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu amesema nisirudi mezani kwake kabla sijamwomba mama radhi. Sawa, mimi si mtu wa kiburi. Nimetafakari tangu alfajiri. Samahani? Neno la mtu aliyekukanyaga kwenye foleni! Kosa kama langu linastahili neno lake. Nimelitengeneza: itizari.

Saa nne nimekwenda, nimevaa koti. Nimesimama mbele yake wima, nikasema, "Mama, nakutunukia itizari yangu." Akanitazama, kisha akaniuliza kwa upole kama inahitaji kuchajiwa. Mke wangu akaninong'oneza sikioni niseme samahani tu, neno moja, yaishe. Nikakataa. Leo nikilegeza hapa, kesho nitalegeza wapi?

Nimerudi kiwandani, nimeanza toleo la pili. Maneno mia moja na kumi na mawili. Mke wangu amepiga simu sasa hivi, anasema mama bado amekaa sebuleni ananingoja nimwombe msamaha. Nimeshaomba! Yeye ndiye hajajua.