Masharti Yangu kwa Nyumba ya Mzee Ebenezeri

Jumatatu, 2 Agosti 1976

Siku kubwa! Mzee Ebenezeri, mwalimu mstaafu, anauza nyumba yake ya mtaa wa Soweto, hapa Moshi, arudi kihambani, shamba la ukoo wake kule Old Moshi. Nyumba ya maana. Mabati, veranda, jiko lake nyuma. Mke wangu Odilia ameipenda tangu siku ya kwanza. Hapa tulipopanga anapikia mlangoni, na mvua ikinyesha anapika ameshika mwavuli.

Mwingine anayeitaka ni shemeji yangu Primus, kaka yake Odilia, wa kule mashamba ya miwa. Jana alikwenda kumwona mzee na mbege, pombe yetu ya ndizi. Mbege! Mimi ni karani wa wakili. Leo nimekwenda na ofa iliyopigwa taipu. Nanunua kwa bei anayoitaka mwenyewe, ila kwa sharti: kwanza fundi wangu akague jengo, na akague wadudu. Ubovu ukionekana, bei inashuka.

Mzee alivaa miwani, akasoma, akarudia kusoma, akasifu alama za mkato. Akakubali papo hapo. Primus kaambiwa asubiri.

Bila shaka ubovu utaonekana. Hiyo ndiyo akili yenyewe.

Jumatano, 4 Agosti

Mkaguzi nimempata: Januari, fundi mwashi, tumekua pamoja Kirua Vunjo. Mwanzoni alisitasita. Anasema nyumba ile anaijua, imara kabisa, haijawahi kuingia mchwa. Nikamweleza kwamba mtaalamu huona kile alichotumwa kukiona. Nikamwagizia mtori, supu ya ndizi na nyama. Akala. Nikamwagizia mwingine. Kabla hajaumaliza alishaanza kuona nyufa.

Alhamisi, 5 Agosti

Nimeomba ruhusa kazini kwa sababu ya ugonjwa wa mjomba. (Sina mjomba.) Nimepanda Kirua kutafuta mchwa wa kuweka darini kwa mzee. Ushahidi ni ushahidi. Mama alinikuta migombani nimepiga magoti na tai yangu shingoni, nachimba kichuguu kwa kijiko. Akauliza kulikoni. Nikasema ni kazi ya ofisi. Akasikitika, akasema kazi za mjini zitatumaliza.

Nimerudi na mkebe mzima!

Ijumaa, 6 Agosti

Mchwa wote wamekufa. Wadudu wasio na uvumilivu hata kidogo. Haidhuru. Januari ana mdomo.

Jumamosi, 7 Agosti

Ukaguzi. Majirani walijaa uani, na balozi wa nyumba kumi alikuja kushuhudia. Odilia naye alikuja kuliangalia jiko lake. Primus alisimama pembeni, mikono mfukoni.

Januari alikuwa hatari! Aligonga ukuta, akaweka sikio, akafumba macho kama daktari. Akapanda darini, akashuka na vumbi kichwani. Akatangaza kwamba kenchi za paa zimeliwa na mchwa hadi zimebaki maganda, msingi umekalia maji, na paa likipata upepo wa nguvu litatua mtaa wa Majengo. Watu wakaguna. Nilijisikia kama waziri.

Ndipo nikataja bei mpya.

Mzee aliketi kizingitini, akapapasa ukuta. Akasema nyumba hii aliijenga na marehemu mkewe, Elinipendo, aliyekuwa akibeba maji ya kuchanganyia udongo huku ana mimba. Huruma ilinijia. Ikapita haraka.

Kisha akainuka, akanishika mkono, akasema, "Mwanangu Wenseslaus, Mungu akubariki kwa kuniletea fundi. Siwezi kukuuzia nyumba itakayowaangukia watoto wako. Wala sitamuuzia mtu yeyote. Nitaibomoa."

Kuibomoa!

Nikasema pengine fundi ametia chumvi kidogo. Januari akavimba. Akauliza mbele ya balozi kama namwita mwongo. Akasema tangu aanze kazi hajawahi kukosea jengo, na kwamba sasa akikumbuka vizuri, hata choo kinaegemea upande. Nilimkonyeza. Akauliza kwa sauti kama jicho linaniuma.

Odilia ameapa hatalala chini ya paa lile hata kwa dawa.

Jumapili, 8 Agosti

Baada ya misa, habari mbaya. Primus kaenda kwa mzee alfajiri na nyundo, eti amsaidie kubomoa. Hakubomoa. Alipanda darini, akachoma kila mti kwa kisu, kisha akamwita mzee apande naye aone kwa macho yake. Mbao za mvule, ngumu kama chuma. Wanasema mzee alilia palepale juu ya ngazi. Ameuza kwa Primus, bila taipu, bila sharti, na bei kampunguzia mwenyewe bila kuombwa. Primus naye kamwambia chumba cha mbele ni chake, kila akishuka kutoka Old Moshi alale humo.

Odilia amepiga vigelegele kwa ajili ya kaka yake. Halafu akanigeukia, akauliza ilikuwaje Januari akaona mchwa ambao hawapo. Nikasema utaalamu una shule mbalimbali. Akageuka, akawasha moto. Amepika ugali mkavu, bila mboga.

Alhamisi, 12 Agosti

Nimeamka na nguvu mpya! Mama mmoja mjane, Eunike, anauza nyumba Kiboriloni. Nimeshapiga taipu ofa, nzuri kuliko ya kwanza, ina masharti hadi ukurasa wa pili. Nimekaa nikachambua tulipokosea, na sasa ni wazi kabisa: mkaguzi alikuwa mmoja. Safari hii watakuwa wawili. Januari amekubali kuja na binamu yake, Efraimu, ambaye nasikia anaweza kuona ubovu hata kanisani.

Nimemwambia Odilia kwamba Moshi nzima hakuna mtu anayejua kununua nyumba kama mimi. Akauliza, basi mbona tumepanga?

Nimemwambia asichanganye mambo.