Watoto wa Mzee Luhaga Ndani ya Kompyuta

Jumatatu, 16 Desemba 1996
Hatimaye! Bosi kanikabidhi kompyuta ya kiwanda cha minofu ya samaki. Kazi ya kwanza: orodha ya wafanyakazi, kila mmoja agawiwe mchele wa Krismasi kulingana na watoto wake. Kila safu lazima uiambie itabeba nini: maneno, tarakimu, tarehe, au ndiyo na hapana. Watoto nimewapa ndiyo na hapana. Inakula nafasi ndogo mno! Teodora wa taipureta akauliza, sasa wangapi utajuaje? Wivu tu. Mzee Luhaga wa chumba cha barafu akisikia cheo changu, hataninyima binti yake Evelina.

Ijumaa, 20 Desemba
Balaa! Kompyuta imehesabu kila Ndiyo kuwa mtoto mmoja. Pius, mwenye kichanga kimoja, kilo mbili. Mzee Luhaga, wake wawili, watoto kumi na mmoja: kilo mbili! Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Akaondoka na kifuko chake mkononi. Roho inaniuma. Wale watoto wote nawajua kwa majina.

Jumamosi, 21 Desemba
Teodora kaibadili safu iwe tarakimu. Chai haijapoa, kamaliza. Mchele uliobaki stoo umegawiwa upya, Bosi kamshukuru yeye. Kuanzia leo ndiye mkuu wangu. Laiti ningemsikiliza!

Jumapili, 22 Desemba
Nimekwenda nyumbani kwa Mzee Luhaga, Pasiansi, kumwomba radhi, nimevaa suti ya kuazima. Safari hii aliitikia marahaba. Kisha akauliza, katika hizi Ndiyo zangu, umekuja kuposa ipi? Wake zake wakacheka mpaka machozi. Evelina hakucheka, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Akasema baba yake kamwachia uamuzi. Maneno yangu ya mdomoni kashayachoka. Nimwandikie nampenda kiasi gani, ndipo atajibu.

Jumatatu, 23 Desemba
Sikulala kwa majuto. Lakini kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa! Wenzangu walipokwenda kula, nikabaki kwenye kompyuta, nikamtengenezea Evelina jedwali lake peke yake. Safu ya Upendo nimeipa tarakimu. Ndiyo na hapana sitaki hata kuisikia. Teodora akashauri nimwandikie barua tu, kama watu. Wivu tena! Karatasi imeshapelekwa Pasiansi. Upendo: 9. Ningeandika zaidi, ila safu nimeipa tarakimu moja tu. Kubana nafasi.