Chama Kitamsemea Profesa Mpaka Mwisho

Mheshimiwa Naibu Mkuu wa Chuo anayeshughulikia Utawala, ambaye hayupo ila salamu zake zipo. Waheshimiwa Wakuu wa Vitivo, wa sasa, wastaafu na watarajiwa. Mweka Hazina wa Chama na Msaidizi wake, ambaye pia ni mimi mwenyewe, Mwenyekiti wenu. Wahadhiri waandamizi, na wasio waandamizi lakini wenye nia. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na pale isipozingatiwa naomba ihesabike kwamba imezingatiwa. (Makofi.)

Tumekutana asubuhi hii kwa jambo zito. Mwenzetu, Profesa wa uhandisi, mtu mwenye ajira ya kudumu, chuo kinataka kumfukuza kazi kwa sababu aliwaambia wanafunzi wake kwamba jengo jipya la utawala lina mchanga mwingi kuliko saruji. (Sauti: “Aibu!”) Aibu, ndiyo, asante, ila usinikatize. Chama chenu hakikulala. Tuliketi, tukasimama, tukaketi tena, tukaunda Mkakati Jumuishi wa Utetezi Shirikishi, wenye nguzo saba, ambao utekelezaji wake kufikia jana ulikuwa asilimia tisini na saba nukta nne, kiwango ambacho, bila kujisifu, maana kunisifu ni kazi yenu, hakijawahi kufikiwa na mwenyekiti yeyote aliyenitangulia, hata huyo aliyekaa safu ya pili akinikunjia uso. (Vicheko.)

Kanuni iko wazi: profesa mwenye ajira ya kudumu hafukuzwi mpaka chama chake kisimame kumsemea mbele ya Baraza la Nidhamu, na kisipotokea, baraza linaamua litakavyo. Sasa mimi hapa nimesimama au sijasimama? (“Umesimama!”) Nasema au sisemi? (“Unasema!”) Basi anayedhani Profesa hana wa kumsemea aje anisikilize, atulie kabisa, maana bado niko kwenye utangulizi. (Makofi. Mtu anapiga miayo.)

(Mke wa Profesa, akihema mlangoni: “Shemeji! Baraza limeshakaa, ghorofa ya tatu! Mume wangu yuko peke yake, wanamuuliza mtetezi wake yuko wapi!”)

Karibu shemeji, mpeni kiti. Mnaona, wapendwa? Huu ndio tunaouita mrejesho wa wadau. Pole sana shemeji, najua roho inakuuma; nyumba mnayoishi ni ya chuo, watoto bado wanasoma, naelewa vizuri mno. Lakini nikiliacha jukwaa, nani atawaeleza wanachama jinsi ninavyompigania mumeo? (“Jamani, panda ngazi tu, nakuomba! Dakika moja!”) Nitapanda, tena na Kamati ya Utetezi nzima, nikimaliza tu nguzo ya pili.

(Katibu anamnong’oneza Mwenyekiti.)

Naam. Kwa kufupisha: Profesa hatoki! (“Hatoki!”) Chama hoyee! (“Hoyee!”)

Namshukuru Katibu wangu kwa taarifa kwamba huko juu wameshamaliza. Nalishukuru Baraza kwa kujali muda. Nawashukuru ninyi mliojaa humu ndani, maana msingejaa, pengine mmoja wetu angekuwa kule. Na kwa namna ya pekee kabisa naishukuru Kamati ya Utetezi, iliyofanya kazi usiku na mchana, ambayo wajumbe wake, wakipatikana wa kujitolea, tutawateua kikao kijacho. Asanteni sana. Ninyi mliosimama hapo kwenye korido, mpisheni Profesa apite, amebeba maboksi.