Mpango wa Mifuko Myeusi

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamka na wazo. Mawazo yangu mazuri hunijia nikiwa bado kitandani, ndiyo maana sipendi kukurupushwa. Mke wangu hunikurupusha kila siku.

Nauza mashuka, mapazia, taulo na foronya mtandaoni. Mteja akiagiza, ndipo naanza kutafuta, kukunja, kufunga, kuandika anwani. Muda unakwenda bure. Je, kama kila kitu kingeshafungwa kabla mteja hajaagiza? Aandike tu, mzigo huo! Sijasikia mfanyabiashara mwingine aliyefanya hivi. Nimejiuliza kwa nini, nikakosa jibu.

Nimenunua mifuko myeusi na selotepu nene.

Mke wangu naye ametoa sharti lake. Anasema chumba cha nyuma kimejaa bidhaa, hakuna pa kuweka mguu, na biashara haionekani. Kuna mwalimu wa chekechea aliyeagiza mashuka madogo ishirini yenye picha za bata, watoto wayalalie mchana. Anayataka Ijumaa asubuhi. Ni oda kubwa kuliko zote nilizowahi kupata. Ikifika salama, chumba ni changu. Isipofika, Jumatatu naanza kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi la kaka yake. Mimi, nikapime misumari ya shemeji! Nimekubali sharti bila hata kukohoa.

Jumanne, 4 Machi

Nimefunga kila kitu. Kila kitu! Mifuko imepangwa hadi darini, myeusi, sawasawa, inapendeza macho. Selotepu raundi mbili kila mmoja.

Mke wangu amechungulia mlangoni, akauliza ndani kuna nini. Nikamwambia bidhaa. Akauliza bidhaa gani kwenye mfuko gani. Nikamweleza kwamba hiyo ni hatua ya pili. Akanikumbusha kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Nikamjibu kuwa daftari ni mambo ya zamani. Ameondoka bila kubisha, kwa hiyo nimeshinda.

Nimemwona jirani yetu, Mama Pacha. Anauza vitu vilevile, vyote kwenye beseni moja barazani. Anajibu wateja huku anawaogesha watoto, simu ameibana kwa bega. Hana mpango wowote. Wateja walikuwa watatu mlangoni. Nilimhurumia.

Jumatano, 5 Machi

Leo nimeokoa muda upande wa simu. Nimeiwekea jibu moja kwa kila ujumbe unaoingia: Asante kwa kutuchagua, mzigo wako uko njiani. Nimelala mchana kama mfalme.

Kumbe mama mkwe aliniandikia kuwa goti linamsumbua na hajamwona mtu wa kumjulia hali. Akajibiwa asante kwa kutuchagua. Amempigia binti yake kwa furaha, anauliza mzigo wenyewe ni nini. Mke wangu amenitazama kwa muda mrefu. Nimempelekea mama mfuko mmoja. Sijui una nini. Amepiga tena, anasema tangu binti yake aolewe hajawahi kupata mkwe kama mimi. Kwa hiyo mpango unafanya kazi.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya oda ya mwalimu. Tatizo dogo: bata hawaonekani kupitia mfuko mweusi.

Mke wangu alishauri tufungue mifuko yote. Selotepu yote ile? Kufungua ni kurudi nyuma. Mimi hutumia vidole. Shuka dogo ni laini na jepesi, taulo ni nzito, pazia lina ringi. Nimebonyeza mifuko mpaka kidole gumba kikafa ganzi, nikachagua ishirini. Mke wangu alisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nimekagua miguu yangu. Yote miwili mizima.

Dereva wa pikipiki, tunayemwita Mshale, ameichukua. Mapema kwa siku nzima! Nimetembea uani nikiwa nimeweka mikono nyuma.

Ijumaa, 7 Machi

Mwalimu amepiga simu. Ametulia, na hilo ndilo lililonitia hofu. Amesema amepata mashuka ya bata manne, foronya saba, taulo za mikono tisa. Nikamwambia hiyo ni ishirini kamili. Akaongeza kuwa watoto wamelala zamu kwa zamu, na wengine wamefunikwa koti la mwalimu. Anarudisha kila kitu. Mashuka atayapata kwa jirani yangu, ambaye amemwahidi kuyaleta yeye mwenyewe leo hii.

Iliniuma. Nakiri. Nilikaa kwenye kochi bila kufanya chochote, na sikuwa naokoa muda.

Mke wangu hakunicheka. Afadhali angecheka. Alimpigia kaka yake.

Jumamosi, 8 Machi

Chumba ni kitupu. Mke wangu ameiuza mifuko yote kwa Mama Pacha kama ilivyo, bila kufunguliwa. Nilisimama mlangoni nikiitazama ikivuka uani.

Mchana Mama Pacha ameitangaza mtandaoni. Eti Fumbo! Chukua mfuko, ukafungue nyumbani ujionee bahati yako! Watu wamekuja mbio. Wamesukumana. Mmoja alipata pazia la bafuni lenye pweza, akapiga vigelegele. Mwingine alirudi kuchukua mitatu zaidi. Kufikia saa kumi beseni na baraza vyote vilikuwa vitupu.

Mke wangu alikaa karibu nami dirishani. Aliniuliza kwa upole kama kuna jambo nimejifunza. Nikamwambia ndiyo, nimejifunza kuwa huyo mama hajui hata anauza nini. Biashara ya namna hiyo haifiki mbali. Mke wangu aliinuka akaenda kulala, na jua lilikuwa bado linawaka.

Jumatatu, 10 Machi

Siku ya kwanza dukani. Shemeji amenipokea vizuri, akaniambia nisiguse chochote mpaka atakaporudi kutoka benki.

Nimetazama rafu zake. Aibu tupu! Vitu vinavyotumika pamoja amevirundika pamoja, kana kwamba wateja hawawezi kutembea. Nimevua shati nikaanza. Sasa duka lote liko kwa alfabeti. Makufuli yako kwenye M, ukuta wa nyuma. Funguo zake nimezichomoa zote, nikazimwaga kwenye ndoo moja iliyoandikwa F, karibu na mlango.

Shemeji ameingia. Amesimama katikati ya duka, ameshika kichwa kwa mikono miwili, na hasemi neno. Furaha ikizidi, mtu hukosa la kusema.